Kidole cha Pete cha Kinyozi

Nimekuwa kinyozi kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo kidole cha pete cha mkono wangu wa kulia hakijafanya kazi yoyote. Kinakaa kwenye tundu la mkasi kama mgeni wa heshima, huku dole gumba likihangaika kufungua na kufunga. Ndivyo tulivyofundishwa: dole gumba litembee, kidole cha pete kitulie, la sivyo utamkata mtu sikio. Mimi sijamkata mtu sikio hata siku moja, na sifa hiyo nimeitangaza hadi wateja wameichoka.

Kwa hiyo shangazi aliponiita nimsaidie, kichwa kilikuwa kimeshavimba.

Shangazi alifundisha kinubi maisha yake yote, katika sebule ambamo kinubi kilichukua nafasi ya makochi mawili. Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na haujaamka. Sasa alikuwa anahamia kwa binti yake, ghorofa ya tatu, katika chumba ambacho hata kitanda kiliingizwa kwa ubavu. Shule ya muziki ingekuja kuchukua kinubi Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Kabla hakijaondoka, nataka nipige ule wimbo wangu mara moja tu," aliniambia. Aliutunga mwaka alioolewa, na hakuwahi kumfundisha mtu wimbo huo. "Mkono wa kushoto ninao. Wa kulia niazime wewe."

"Shangazi, na wanafunzi wote ulionao?"

"Wao si damu yangu. Na wewe nilikufundisha ukiwa mdogo, usijifanye umesahau."

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimekimbia, na nilikimbia kwa sababu ya jambo lile lile lililokuwa linanisubiri ndani ya wimbo. Vidole vinapanda nyuzi nne, cha pete kikitangulia na dole gumba likimalizia. Kabla dole gumba halijaachia uzi wake, kidole cha pete kinatakiwa kipenye chini yake kikashike uzi wa tano, na sauti isikatike. Katika wimbo huo mpito huo unarudi mara tatu. Kila mara kidole changu kilipojaribu kupenya, dole gumba lilidhani ni mkasi, likafunga. Nilijinasa mwenyewe. Kidole cha mwisho, kile kidogo, hakitumiki kabisa kwenye kinubi, kinakaa pembeni kinatazama tu, nami nilikionea wivu.

Basi nikavumbua ujanja. Nikifika pale nauinua mkono mzima, naruka. Uzi wa tano unakosekana, linabaki pengo dogo, na pengo hilo nalifunika kwa kikohozi. Kila wimbo, vikohozi vitatu.

"Kunywa maji, mwanangu," shangazi alikuwa akisema kila jioni nilipokwenda kujifunza kwake.

Aliniagiza nifanye mazoezi ya vidole, hata juu ya meza, saa nzima kila siku. Nilifanya dakika tano, tena juu ya vichwa vya wateja.

"Fundi, unaninyoa au unanikuna?" aliuliza mwalimu mmoja mstaafu.

"Nakagua nywele zinavyolala," nikamjibu. Jioni nikamwambia shangazi, kwa macho makavu, kwamba saa yangu nzima nimeitimiza.

Jumamosi ikafika. Nilikiegemeza kinubi kwenye bega langu la kulia, shangazi akakaa kushoto kwangu, kwenye kiti cha jikoni. Mkono wake ukaanza nyuzi nene, polepole, na mimi nikaingia juu yake. Tukafika kwenye mpito wa kwanza. Nikaruka, nikafungua mdomo nikohoe, na pengo halikuwepo. Uzi wa tano ulilia kwa wakati wake.

Kwa sekunde nzima niliamini ni mimi. Nikajipongeza.

Mpito wa pili nikatazama. Mkono wa kushoto wa shangazi uliziacha nyuzi nene, ukapanda, ukagusa uzi wangu, ukarudi chini kuendelea na kazi yake. Na mara ya tatu vilevile.

Tulipomaliza nikasema, "Shangazi, uzi ule ni wangu."

"Najua."

"Ulijua nitaruka?"

"Tangu kikohozi cha kwanza. Ukiondoka nilikuwa nabaki hapa nafanyia mazoezi pengo lako. Saa nzima kila siku."

Hakusema kwa kejeli, na hapo ndipo aibu iliponishika hasa. Mtu mwenye mkono mmoja alikuwa amefanya mazoezi yake na yangu.

Nje gari la shule likapiga honi. Nikatoka, nikawaomba wanisubiri dakika kumi. Nikarudi, nikakaa, nikapandisha nyuzi nne, nikanasa. Nikarudia, nikanasa tena. Sikukohoa. Kila nilipoanza, shangazi aliuweka mkono wake tayari karibu na uzi wa tano.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi kidole kilipopita. Uzi ulitoa sauti mbaya, ya kukwaruza, lakini ulilia mahali pake. Mkono wa shangazi ukabaki hewani bila kazi. Kisha akaushusha taratibu, akaulaza mapajani kando ya ule mwingine.

Akageukia dirishani, akakohoa.

"Kunywa maji, shangazi," nikamwambia.