Pistoni Bapa za Shemeji Mauricio

Fundi Ernesto Nandonde alikuwa na kanuni moja ambayo mafundi wenzake wa Mtwara waliijua kabla hata ya kumjua yeye: hafungi injini asiyoiamini. Mteja angeweza kuja na spea zake, haraka yake na hasira zake. Ernesto angemsikiliza mpaka mwisho, kisha angeuliza swali lake lile lile: "Gari hili litakunywa petroli ya wapi?" Jibu likimridhisha, alishika spana. Lisipomridhisha, alimwambia mwenye gari kwa uso mkavu kwamba kazi hiyo haifanyi, akamwelekeza gereji nyingine. Kanuni hiyo aliishika miaka mingi. Aliivunja mara moja tu, kwa ajili ya shemeji yake.

Swali la petroli halikuwa la kujionyesha. Miaka ile barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa bado haitegemeki, na masika yakiingia Mtwara iligeuka kisiwa. Malori ya mafuta yalikwama topeni huko njiani, pampu za mjini zikakauka, na petroli ikahamia kwenye madumu kando ya barabara. Humo wachuuzi waliichanganya na mafuta ya taa, na mtu yeyote aliyewahi kuwasha kibatari aliitambua kwa pua. Gari la kawaida liliikohoa petroli hiyo likaendelea na safari. Gari lenye nguvu za kupindukia liliumia.

Ernesto alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Mama yake alimvusha mto akiwa mtoto wa mgongoni, wakati wa vita vya kumwondoa Mreno, na huku ndiko alikokulia. Ufundi alijifunzia kwenye malori ya kubebea korosho, magari mazito yaliyokubali kila kitu ulichoyamiminia. Katikati ya miaka ya tisini akafungua gereji yake Mtawanya, hatua chache kutoka nyumbani kwake: banda la mabati, shimo la kusimama chini ya magari, na mwenzake mmoja, Kasiani, aliyenyoosha bodi na kupiga rangi. Mkewe, Esperanca, naye alitoka katika ukoo uliovuka mto. Walikuwa watu wa kawaida, wenye kuamka mapema na kulipa kila walichochukua.

Mdogo wake Esperanca ndiye Mauricio. Vita vya huko kwao vilipokwisha alikuja Mtwara kutafuta maisha, yeye na mkewe Vania na watoto wao, wakakaa katika chumba cha uani nyumbani kwa Ernesto. Walisema ni kwa muda mfupi, muda ukawa miaka. Hakuna aliyelalamika, maana Mauricio alikuwa shemeji hasa. Asubuhi alimwamkia Ernesto kwa kumuuliza kama dada yake alimruhusu kulala kitandani au alimtupia mkeka. Ernesto naye alimjibu kwamba mkeka wote umeshamalizwa na shemeji anayelala mpaka jua linamchoma makalio. Siku waliyokosa kutukanana, Esperanca aliuliza nani anaumwa.

Mwaka ambao mambo haya yalitokea, Mauricio alikuwa amejikusanya akanunua gari dogo jeupe, lililotoka nje likiwa limetumika, lenye injini ya tabo, ile pampu ya hewa inayoongeza nguvu. Alitaka kupakia abiria kati ya mjini na Kilambo, pale watu wanapovuka kwenda Msumbiji. Gari lile ndilo lingemtoa katika chumba cha uani. Alikuwa ameshaonyeshwa kiwanja, na Vania alikuwa ameanza kusema "nyumba yetu" kana kwamba imekwisha kuezekwa. Lakini gari lilifika likitoa moshi, na Ernesto alipolifungua alikuta pistoni moja ina ufa. Mauricio akapanda basi kwenda Kariakoo, akarudi na seti mbili za pistoni. Mwenye duka alikuwa mtu wa kwao, na alikubali kwamba seti isiyotumika irudishwe.

Waliziweka mezani juu ya gunia. Ernesto akashika moja ya kila aina, huku na huku.

"Hii ina bakuli kichwani," alisema. "Hewa na petroli vikibanwa, vinapata mahali pa kukaa. Mbano wake ni nane na nusu kwa moja. Hii nyingine ni bapa, ya injini isiyo na tabo. Inabana mpaka kumi kwa moja."

"Kumi ni nyingi kuliko nane. Hata mwanangu wa chekechea anajua."

"Mwanao anajua kuhesabu, hajui kupika. Tabo nayo inashindilia hewa yake juu ya hiyo. Petroli mbovu ukiibana hivyo inashika moto yenyewe kabla plagi haijaamua. Injini inaanza kugonga."

"Ikigonga nitaikaribisha ndani, mimi si mchoyo kama watu wengine," alisema Mauricio, na Kasiani akacheka huku ameshika brashi ya rangi. "Shemeji, wewe unaiogopa injini kama unavyomwogopa dada yangu."

"Dada yako akigonga namsikia. Wewe hutasikia kitu, utakuwa umefungulia redio."

"Sasa nisikilize mimi. Umeshapita na abiria watano kwenye mchanga wa Kilambo? Hizi za bakuli zinalala. Mpaka tabo iamke, tairi zimeshajichimbia kaburi. Hizi bapa zinavuta tangu mwanzo."

Hapo Mauricio alisema kweli, na Ernesto alijua. Injini yenye mbano mdogo huwa nzito wakati tabo haijazunguka vizuri, na gari lililojaa watu mchangani halina nafasi ya kuisubiri. Kama petroli ya Mtwara ingekuwa njema mwaka mzima, fundi mwenye akili angeweza kuchagua pistoni bapa, akapunguza presha ya tabo, na gari likadumu. Lakini haikuwa njema mwaka mzima.

"Kaburi umelitaja mwenyewe," alisema Ernesto. "Funga bapa, ujaze ya madumu. Masika nitakuja kuizika injini hiyo hapo hapo barabarani, na sanda nitashona kwa matambara ya gereji."

"Na kilio uanzishe wewe, una mdomo mpana!"

Wakacheka wote watatu mpaka Kasiani akalazimika kuweka chini kopo la rangi. Na hilo ndilo onyo pekee ambalo Mauricio alipewa.

Kwa watu wa kwao, neno zito baina ya mashemeji halisemwi na mashemeji wenyewe. Shemeji hutarajiwa kutania, na lolote analotamka hupokewa kama utani. Likiwepo jambo la kweli hutafutwa mtu wa tatu, aghalabu mwanamke aliyewaunganisha, naye huketi na mhusika na kusema, "Mume wangu ana neno." Hapo kila mtu hujua mzaha umewekwa kando. Ernesto aliijua desturi hiyo tangu utoto. Ilimpasa kwenda ndani na kumwambia Esperanca maneno machache, au kuirudisha seti ile ya bapa Kariakoo na kukataa kazi, kama alivyowakataa watu wengine wasiomhusu.

Hakufanya hivyo, na sababu zake hazikuwa nzuri. Aliogopa ukoo wa mkewe useme anamzuia Mauricio asipate mali. Alipenda kuchekesha watu, na siku ile alikuwa amechekesha. Na ndani kabisa, mahali ambapo mtu hapendi kupatazama, alitaka chumba chake cha uani kiachwe wazi. Kubishana kungechelewesha gari, na gari likichelewa, chumba kingechelewa. Akajiambia kwamba ameshasema, na mtu mzima akishaambiwa hujichagulia mwenyewe. Huo ni udanganyifu. Msemaji akiisema kweli kwa namna anayojua haitaaminika, hajaisema.

Akafunga pistoni bapa. Alifanya kazi safi, kama kawaida yake: alipima ringi, akabana bolti za hedi, kifuniko cha juu cha injini, kwa mpangilio, akapunguza presha ya tabo na kurudisha taimingi ya plagi nyuma kidogo. Alipomaliza alijiona mtu mwangalifu.

Kiangazi kizima gari lile lilikwenda kama upepo. Abiria wa Kilambo waliacha magari mengine wakalisubiri, kwa sababu lilitoka mchangani bila mtu kushuka kulisukuma. Wafanyabiashara wa samaki wakavu waligombea kiti cha mbele. Mauricio alifyatua matofali, akachimba msingi, na kila jioni alipita gereji kumtambia Ernesto.

"Jeneza liko wapi, fundi? Maiti imekwenda Kilambo imerudi, inaomba maji."

"Subiri masika, bwana mkubwa."

"Masika nitakuwa nalala kwangu. Utamtukana nani asubuhi?"

Ernesto alicheka, na kadiri miezi ilivyopita alianza kuamini kwamba huenda alikosea. Wateja walimsifu. Wengine walitaka wafungiwe hivyo hivyo. Ni jambo la kuangalia kwamba wote hao aliwakatalia. Aliwauliza petroli ya wapi, akasikia jibu, akawarudisha walikotoka.

Masika yalikuja mapema. Barabara ikakatika, pampu zikakauka, madumu yakapangwa kando ya njia. Wenye magari wengine waliegesha au walijaza hiyo hiyo na kwenda taratibu. Mauricio hakuweza kuegesha, maana kuta za nyumba yake zilikuwa zimefika usawa wa madirisha na mvua ilikuwa inaziumiza. Akajaza.

Alikuwa akirudi kutoka Kilambo, gari limejaa, tope juu na mchanga chini, amekanyaga mafuta ili asikwame. Abiria mmoja alisema baadaye kwamba alisikia sauti kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, lakini alidhani ni mizigo ya nyuma. Kisha moshi ukajaa kioo cha nyuma na injini ikakata. Wakateremka mvuani. Trekta lililotoka shambani ndilo lililolivuta mpaka mjini.

Ernesto alinyanyua hedi, Mauricio amesimama pembeni yake. Pistoni ya tatu ilikuwa imetoboka kichwani, ukingo wake umelika kama sabuni iliyotafunwa na panya. Ukuta wa silinda ulikuwa na michirizi ambayo kidole kiliweza kuihesabu. Konrodi mbili, zile fimbo zinazoshika pistoni, zilikuwa zimepinda. Hakukuwa na la kutania.

"Ulijua?" Mauricio aliuliza.

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Siku ile. Nilisema masika nitaizika."

"Ulisema na sanda utashona. Kasiani alikuwepo, tukacheka. Shemeji, yale yalikuwa maneno ya shemeji."

"Yalikuwa kweli."

"Kama yalikuwa kweli ungemtuma dada."

Jioni ile Ernesto alimsimulia Esperanca, akitumaini kupata mtu wa upande wake. Esperanca alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Siku ile nilikuwa humu humu ndani," alisema. "Kutoka gereji mpaka hapa ni mbali?"

Fundi yule hakukimbia kazi yake. Alilikarabati gari lote bila kudai kitu, akaweka pistoni za bakuli alizoagiza mwenyewe, akalikabidhi. Lilitembea miaka mingi. Mchangani lilikuwa zito, abiria walishuka kusukuma, nalo halikugonga tena. Mauricio alipokuja kulichukua alimpa mkono na kusema, "Asante sana, fundi," kama mteja yeyote mwenye adabu. Kesho yake asubuhi walipokutana uani alisema, "Shikamoo, kaka." Ernesto alijaribu kumchokoza, akamuuliza kama usingizi umemfukuza kwa deni. Mauricio alitabasamu kidogo, akajibu kwamba wameamka salama, wanamshukuru Mungu.

Tangu hapo ikawa hivyo. Familia ya Mauricio ilihamia nyumba yao kabla haijapigwa plasta, na miaka michache baadaye wakauza na kurudi ng'ambo ya Ruvuma. Ernesto na mkewe walikwenda kuwatembelea mara kwa mara. Walipokewa vizuri sana. Alifutiwa kiti, akaletewa maji ya kunawa, akaulizwa habari za kazi na za afya. Watoto walimwamkia kwa kupiga magoti. Alipotania, wenyeji walinyamaza kwa heshima mpaka amalize. Esperanca, ambaye zamani alikuwa akiwakemea wapunguze matusi, siku hizo alikaa katikati yao akitafuta la kuzungumza.

Ernesto hakuvunja tena kanuni yake, na aliongeza nyingine: jambo la kazi alilisema kwa uso mkavu hata kwa ndugu, na kama ndugu huyo hakuweza kulisikia kwake, alimtafuta mtu wa tatu wa kulifikisha. Ni kanuni njema. Aliipata kwa bei hii: injini ilipona, undugu wa jina ukabaki, lakini shemeji yake hajamtania tena mpaka leo.