Darasa la Makosa la Dokta Zablon

Niseme wazi: mwanzoni sikumpenda Dokta Zablon Matonya. Mtu anatoka Dodoma mjini kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kabla hajanywa hata maji anatuambia sisi manesi na matabibu wa vijijini, "Leo nawaeleza nilivyokosea wiki hii." Tulizoea madaktari wanaokuja kutufokea.

Ndivyo alivyoendesha mafunzo yake. Kila Alhamisi mchana tulikaa kwenye mabenchi ya kliniki ya wajawazito. Alianza na kosa lake, anayetaka akafuata na lake, kisha Dokta akatufundisha ilivyopaswa kufanyika mpaka kila mmoja ajaribu kwa mikono yake. Sharti lilikuwa moja tu: hakuna jina linaloandikwa.

"Mkiandika majina," alisema, "wiki ijayo mtaniletea habari za malaika."

Miaka hiyo ya tisini biashara zilikuwa zimefunguliwa. Wenzake walianzisha zahanati za binafsi mjini, wakanunua magari. Yeye alibaki na pikipiki na chaki, na hakuonekana kujuta.

Mwaka 1998 kamati ya mafunzo ilitaka kumtunuku daktari aliyewaendeleza zaidi watumishi wa afya. Tukapeleka jina lake. Katibu, Bwana Castory, mtu wa mafaili, akatuita sote ukumbini.

"Rejista za mahudhurio ziko wapi, Dokta?"

"Hazipo."

"Miaka tisa, hata karatasi moja? Basi tuzo hakuna. Na mafunzo yasiyo na kumbukumbu tunayafunga mwezi ujao."

Dokta hakubishana. Alichukua kofia yake akaelekea mlangoni. Alikuwa radhi darasa lake life kuliko kututaja!

Nikasimama.

"Bwana Castory, mimi ni Evarista, mkunga. Mwaka tisini na mbili nilimzalisha mama mmoja wa kijiji cha Busi. Zamu yangu ilikuwa imeisha, nina haraka, sikukagua kondo la nyuma. Kipande kilibaki ndani. Alivuja damu, akafa kabla gari halijapatikana. Mumewe nilimwambia ni mapenzi ya Mungu."

Nikaendelea.

"Alhamisi iliyofuata nilisema ukweli darasani. Dokta alileta kondo kwenye beseni. Tulilitandaza, tukalipapasa, mmoja mmoja, mpaka tukajua kutambua kipande kilichokosekana. Tangu siku ile sijapoteza mama kwa kosa hilo. Muulize yeyote humu."

Castory alishika kalamu. "Unajua hii ni kesi, Sista? Niandike jina?"

"Usiandike!" Dokta alisema kutoka mlangoni. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Andika," nikasema.

Tabibu Masudi akasimama, akataja dozi ya kwinini aliyomzidishia mtoto, na alichofundishwa baadaye. Kisha Violeth, nesi wa chanjo. Kufikia saa nane mchana Castory alikuwa na majina kumi na tisa, kila moja na kosa lake na somo lake. Akaifunika kalamu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mafunzo yataendelea, na tuzo itatolewa.

Dokta alipewa cheti mbele ya watu. Mimi nilisimamishwa kazi miezi mitatu, na nasema kwa moyo mmoja kwamba nilistahili.

Siku ya pili baada ya kusimamishwa nilisikia pikipiki mlangoni kwangu. Nikadhani amekuja kunishukuru, nikaanza kutafuta majani ya chai.

"Shikamoo, Dokta. Karibu ndani."

"Marahaba. Sikai, Sista." Hakushuka. "Umeiambia kamati, umeliambia darasa. Mume wa yule mama wa Busi umemwambia?"

Nikatikisa kichwa.

"Hili sikuwafundisha," akasema. "Miaka yote tisa sikuwafundisha, maana na mimi siliwezi. Twende wote. Tukitoka kwa huyo mume, kuna nyumba mbili nilizozikosea mimi."

Nilijifunga kitenge, nikapanda nyuma yake.