Usizunguke Mbele ya Mjamzito

Nilipokuwa mtoto kule Loresho, kabla mashamba ya kahawa hayajageuka kuwa mageti na mbwa wakali, mchezo wangu ulikuwa mmoja: kutanua mikono na kuzunguka mahali pamoja mpaka mibuni nayo izunguke. Cucu, ndivyo tunavyomwita bibi, mama yake baba, mwanamke ambaye hata kuku walimwogopa, ndiye aliyenionya.

"Wewe Wangari, mama yako ana mimba. Ukizunguka, na huyo wa ndani anazunguka. Atalala kingamo, kwa ubavu, akose mlango."

Nikaendelea. Mtoto ukimkataza jambo bila kumfunga kamba, umemkumbusha tu.

Siku ya uchungu mama aliingia ndani asubuhi. Kwetu habari ya mtoto haikusemwa, ilipigwa vigelegele, na majirani waliacha majembe wavihesabu, maana vya msichana vilikuwa vichache kuliko vya mvulana. Jua likafika utosini, kimya. Likaanza kuteremka, kimya. Mkunga akatoka kutafuta mafuta ya mbarika, akamnong'oneza Cucu kwamba mtoto amelala kingamo. Cucu hakunipiga. Aliniangalia tu, na afadhali angenipiga. Nilikaa chini, nimeshika nyasi kwa mikono miwili, naogopa hata kugeuza shingo, nisije nikamuua mama.

Mkunga alimgeuza yule mtoto kwa mikono yake na yale mafuta. Vigelegele vikaja jioni, vya mvulana, na mama akapona. Lakini Cucu hakusahau. Mpaka anakufa, kila mgeni alionyeshwa ndugu yangu: huyu dada yake alimlaza kingamo. Nami nilibeba mimba zangu zote nikikata kona polepole, kama lori la mawe.

Sasa juzi, miaka hii ya elfu mbili, niko Kileleshwa kwa mwanangu, huko juu ghorofani. Mke wake ana mimba kubwa. Alikuwa ametoka kupigwa picha ya tumbo, na daktari amemwambia mtoto amelala kingamo. Na hapo mbele ya kiti chake, mjukuu wangu mwenye jina langu anazunguka, ameshika chungwa lililochomwa kijiti. Nikamwambia asimame. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Cucu, hata mimi nikashtuka.

"Lakini Cucu, hii ni homework. Sayari zinazunguka hivi, kila moja kwa mhimili wake. Hata dunia yetu imeinama. Na iko moja imelala kabisa, inabingirika kama pipa."

Nikamwuliza nani aliilaza.

"Mwalimu alisema labda iligongwa na kitu kikubwa, kitambo, kabla watu wakuwe."

Mimi niliachia shule darasa la pili. Mambo ya sayari siyajui. Lakini kama zigo lile lote limelala ubavu, na hakuna msichana aliyekalishwa nyasini kwa ajili yake, basi Cucu alinibebesha mzigo usio wangu, nami nikazeeka nao, huku yeye akipumzika kaburini.

Mke wa mwanangu alikuwa ameshika tumbo, ananiangalia, anangoja niseme neno. Nikamwambia mjukuu azunguke, kazi ya mwalimu ifanywe.

Ila akazungukie nje kwa korido, mlango ukiwa umefungwa. Daktari bado hajasema mtoto amegeuka.