Betri Nne Zenye Rangi ya Kucha

Shemeji yangu anaitwa Testa. Jina la wazazi analo, lakini ukimwita kwa hilo hageuki. Aliitwa Testa kwa ajili ya ile bisibisi ndogo yenye taa ndani, inayowaka ikiguswa penye umeme. Ameichomeka mfukoni mwa shati tangu utoto. Hata shati la kwenda kuzika, ipo.

Ni mdogo wa mke wangu, kitinda mimba wao. Mama yao alipofariki, Testa alikuwa na miaka saba. Akaletwa kwetu na mfuko wa nguo na redio isiyosema. Sisi hatukujaaliwa mtoto. Mke wangu akasema, "Basi huyu." Nami nikasema, "Basi huyu." Hatukuzungumza zaidi ya hapo.

Redio aliifungua wiki ile ile, ikasema. Akafungua saa ya ukutani, pasi, tochi yangu. "Usikae kimya karibu na huyu," mke wangu aliniambia, "atakufungua aone una nini ndani."

Aliniita Baba. Alipooa na kufungua duka lake akaanza kuniita Shemeji. Ni haki yake, mimi ni shemeji yake kweli. Lakini siku ile ya kwanza nililisikia, kama unavyosikia kijiwe ndani ya kiatu.

Mimi ni fundi viatu. Shule sikwenda. Kusoma alinifundisha mke wangu, mezani jikoni, kwa mifuko mitupu ya unga. Nasoma, ila polepole, kwa kidole. Haya ninayoandika, mkono ni wangu, herufi ni zake.

Alipoanza kuumwa mapafu, hospitali wakatupa mashine ya hewa. Ina mpira unaoingia puani. Inakoroma mchana na usiku. Mke wangu akaiita mke mwenza.

"Mwenzangu huyu anakoroma kukupita wewe," alisema, "ila yeye angalau akikoroma ana kazi anayofanya."

Mke mwenza huyo alikula umeme, na umeme wa shirika kwetu hukatika bila hodi. Ndipo Testa akatuwekea sola. Paneli sita juu ya bati, inveta ukutani, na betri nne ndani ya sanduku la mbao chini ya dirisha la chumbani. Sanduku nililigonga mwenyewe. Alifanya kazi siku tatu, na sitamnyima haki yake: alifanya vizuri. Umeme wa shirika ukikatika, sisi tulijua kwa kelele za majirani tu. Mtungi mdogo wa hewa, ule wa dharura, tukaurudisha hospitali wengine wautumie.

Betri zile zilikuwa za kuongezwa maji. Kila Jumamosi fungua vifuniko, chungulia, jaza. Mke wangu akaona nitachanganya. Akachukua rangi yake ya kucha, nyekundu, akaziwekea nukta. Ya kwanza nukta moja, ya pili mbili, mpaka nne.

"Anza na moja, maliza na nne," akasema. "Hata fundi viatu ataweza."

Miaka miwili sikukosa Jumamosi.

Kisha Testa akaja na habari. Shirika sasa linapokea umeme wa majumbani, na yeye amepewa kibali cha kuunganisha. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha dada yake, akaeleza kwa mikono.

"Shemeji, mchana paneli zako zinatoa umeme mwingi kuliko mnaotumia. Unapotea bure. Tukiunganisha, unaingia kwenye laini ya shirika, mita inahesabu. Jua likizama wanakurudishia."

"Na betri?"

"Betri za nini tena? Shirika zima ndilo betri yako. Hizi zimechoka. Nitazitoa nikawape watu wa vyuma chakavu."

Mke wangu akauliza, "Na umeme wa shirika ukikatika?"

"Dada, jua si lipo?"

Tukacheka wote. Jua lilikuwepo kweli, limejaa dirishani.

Akaleta karatasi, kurasa tatu za maandishi ya sisimizi. Akaweka kidole chini kabisa. "Hapa tu, Shemeji."

"Soma kwanza," mke wangu akasema.

Nilimtazama Testa. Kusoma kwangu ni kwa kidole na midomo. Kurasa tatu ni nusu saa nzima. Na mtu uliyemshonea viatu vyake vya kwanza, kumsomea karatasi mbele ya macho yake ni kumwambia, sikuamini.

"Ni Testa huyu," nikasema. Nikaandika jina langu.

Wakaja watu wawili, wakabadilisha mita na inveta. Testa akazibeba betri moja moja hadi kwenye pikapu. Sanduku likabaki tupu. Mke wangu akasema tuweke viatu vya wateja humo, mbao zisilale njaa.

Wiki mbili za kwanza umeme haukukatika hata mara moja. Hiyo ndiyo bahati mbaya yetu. Kiatu kilichobandikwa kwa gundi mbovu hukijui mpaka mvua inyeshe.

Ulikatika Alhamisi, saa nne asubuhi. Mashine ililia mara tatu, ikanyamaza. Nilitoka nje kutazama juu. Jua lilikuwa linachoma mpaka bati linalia. Paneli zote sita zinameremeta. Nikarudi ndani: feni kimya, taa kimya, inveta ina kitaa chekundu.

Nikampigia Testa.

"Umeme umekatika. Mashine haiwaki."

"Inveta ina taa gani?"

"Nyekundu."

"Hiyo inajipanga tu, Shemeji. Subiri kidogo. Naja."

Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wengi, na mlio kama wa nyuki.

Nikasubiri. Nikampepea mke wangu kwa kifuniko cha boksi la viatu.

"Amesema anakuja?"

"Anakuja."

"Basi anakuja." Akavuta pumzi, akavuta nyingine. Akaitazama mashine. "Mke mwenzangu leo kanuna."

Nikapiga tena, hakupokea. Nikapiga tena. Saa tano na nusu nikatoka mbio kutafuta gari. Jirani akaleta pikapu yake. Hatukufika.

Testa alilia kuliko watu wote. Aliingia kaburini kumpokea dada yake, akatoka na matope mpaka magotini, soli ya kiatu imeachia. Tuliporudi nyumbani umeme ulikuwa umerudi. Nilimwona akitoa testa yake mfukoni, akaichomeka kwenye soketi ya chumbani. Kitaa kikawaka.

"Umeme upo, Shemeji," akasema.

Kama kwamba nimemuuliza.

Viatu vyake nikavichukua nivitengeneze. Ndiyo kazi ninayoijua.

Baada ya wiki tatu nilikwenda ofisi za shirika kusema kwamba mtambo wao ni mbovu. Wakamtuma mkaguzi, mwanamke mtu mzima, mpole. Akaifungua inveta, akapima, akafunga.

"Mzee wangu, hakuna hitilafu. Imetengenezwa hivyo. Laini yetu ikizimika, nayo inajizima. Isipojizima, umeme wa paneli zako unarudi kwenye nyaya na kumuua fundi wetu aliye juu ya nguzo."

"Hata jua likiwaka?"

"Hata likiwaka vipi. Ukitaka nyumba isizimike, unabaki na betri, na inveta ya aina nyingine. Fundi wako hakukwambia?"

Akatoa nakala ya ile karatasi kwenye faili lake. Nilivaa miwani ya marehemu, nikaweka kidole, nikasoma. Hakunikimbiza. Ukurasa wa pili, katikati, imeandikwa: *Mteja ameelezwa kwamba mfumo utazimika umeme wa shirika ukikatika. Mteja hana mgonjwa anayetegemea mashine. Mteja amekataa betri.* Chini jina langu, kwa herufi za mke wangu.

Chombo kile cha ukutani kinamhurumia mtu wa juu ya nguzo kisiyemjua.

Bado nilimtetea Testa. Nilisema moyoni, zile fomu huandikwa kwa mkupuo, alijaza bila kuangalia. Nilisema, kijana ana kazi nyingi. Mtu ukimlea, hata uongo wake unautafutia godoro.

Jumanne moja nilimaliza viatu vyake. Sikuvibandika, nilivishona, mshono wa mara mbili. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mtaa mzima kimya: mchomeleaji amekaa juu ya geti lake, mwenye mashine ya kusaga anasinzia. Nikavifunga viatu kwa gazeti, nikampelekea dukani kwake.

Duka la Testa ni vyumba viwili. Kimoja cha vifaa vya umeme, kingine amemweka kinyozi. Kabla sijafika niliusikia ule mlio wa nyuki. Watu wamepanga foleni mpaka nje, wengine wameshika simu za kuchaji.

"Shemeji!" Testa akasimama. "Karibu, karibu. Mpisheni mzee. Kaa hapa kwenye feni."

Feni ilikuwa inazunguka. Nikakaa. Kinyozi alikuwa anamnyoa jamaa mmoja mnene, amemaliza upande mmoja wa kichwa. Chini ya meza ya vioo kulikuwa na betri nne. Nukta mbili. Nukta nne. Nukta moja. Tatu. Hata mpangilio hakuufuata.

"Betri hizi umezitoa wapi?" nikauliza.

"Zipi, Shemeji?"

"Zenye rangi ya kucha ya dada yako."

Akaichezea testa mfukoni. "Nilitaka kukwambia. Zilikuwa zimechoka."

"Zimechoka, na zinanyoa watu."

Foleni ikacheka kidogo, kisha ikaacha.

"Kwako hazikuwa na kazi tena. Nikasema zisioze bure. Hata dada angekubali."

"Ungemwomba."

Akawatazama watu wa foleni.

"Siku ile ulisema unakuja."

"Shemeji, tusiongee hapa."

"Ulisema naja. Ulikuwa wapi?"

Alitazama sakafu, penye nywele za watu. Akasema kwa sauti ndogo, "Kulikuwa na foleni. Umeme ukikatika mtaa mzima unakuja hapa."

Nililielewa neno lile taratibu, kama ninavyosoma. Saa ile mke wangu anahesabu pumzi, betri zake zilikuwa hapa, zinampepea huyu na kumnyoa yule. Na mimi nampepea kwa kifuniko cha boksi, namwambia anakuja.

"Karatasi uliijaza wewe," nikasema. "Uliandika sina mgonjwa."

"Ukiandika kuna mgonjwa hawakupi kibali bila betri." Alisema haraka, kama mtu aliyekwisha kujieleza mara nyingi akiwa peke yake. "Na kwako ndiyo nyumba yangu ya kwanza. Nilihitaji moja ya kuwaonyesha wateja. Ningeleta nyingine, Shemeji, haki ya nani. Nilijua umeme haukatiki zaidi ya dakika kumi."

"Zifungue."

"Utazifanyia nini sasa?"

Hilo ndilo alilonijibu. Kila mtu alilisikia. Kinyozi akazima mashine yake bila kuambiwa.

"Zifungue," nikasema.

Yule mnene akageuka na kichwa chake nusu. "Mzee wangu, pole sana. Ila naomba amalizie na upande huu. Nina mke mkali."

Nilimtazama. Marehemu angecheka.

"Mmalize," nikamwambia kinyozi. "Mimi kusubiri nimezoea."

Akamnyoa upande uliobaki. Yule bwana akainuka, akanishika bega, akatoka. Testa akachukua spana, akapiga magoti, akafungua nyaya moja moja. Feni ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Mtu mmoja kwenye foleni akauliza, "Umeme umekwenda?" Mwenzake akamjibu, "Umerudi kwao."

Niliita mkokoteni barabarani. Zile betri ni nzito, moja inamkunja mtu mzima mgongo. Testa alizibeba zote nne mwenyewe, sikumsaidia. Nilimwambia azipange: moja, mbili, tatu, nne. Ya tatu nukta zake zimeanza kubanduka. Kichupa cha rangi kipo droo ya marehemu, sijakifungua.

Viatu vyake nikaviacha juu ya kiti, ndani ya gazeti. "Viatu vyako. Nimevishona."

Tukaondoka. Msukuma mkokoteni alikuwa jamaa wa makamo, hana maneno, nami nilishukuru. Tulipofika kwa mchomeleaji nikasikia miguu inakimbia nyuma yetu, kisha ikasimama.

"Baba!"

Miaka ishirini sijaitwa hivyo. Jina lilikuwa lile lile, na sauti ile ile ya mtoto aliyevunja kitu.

"Baba!"

Msukuma mkokoteni akapunguza mwendo. "Mzee, unaitwa."

"Nimesikia," nikasema. "Sukuma."