Papa Kalala na Pipa la Tatu

Mambo haya yalinipata mimi, mchana, nikiwa macho, bila homa, na sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya chai ya rangi. Mume wangu mpaka leo anashikilia kwamba nilisinzia. Yeye hakuwepo. Niliyekuwepo ni mimi, kwa hiyo nisikilize mimi.

Kwetu ni Tanga, ila Johannesburg nimekaa miaka mingi, na kazi yangu ni kujaza risasi. Watu hucheka wakisikia, mwanamke mwenye hijabu anajaza risasi. Acha wacheke. Karakana yetu iko Jeppestown, mlango wa pili kutoka kwa fundi wa kupiga rangi magari. Mwenyewe ni mzee Mzungu wa Kiafrikana, mwenye leseni zote, ambaye kila mtu humwita Oom Dirk, yaani mjomba. Wateja ni wawindaji na walenga shabaha. Wanatuletea maganda yaliyokwisha kupigwa, mimi nayasafisha, natia fataki mpya, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, naweka baruti ya kupimwa kwa mizani, kisha kichwa cha risasi juu yake. Ni kazi ya utulivu, kama ushonaji. Tofauti ni kwamba mshono ukikosea, nguo inafumuliwa. Hapa ukikosea, bunduki inapasuka usoni mwa mtu.

Basi siku moja Oom Dirk akaleta mapipa matatu madogo ya baruti. Ilikuwa baruti ya jeshi, masalio ya zamani yaliyouzwa kwa raia, na alikuwa ameyanunua kwa familia ya mlenga shabaha mmoja aliyefariki. Mzee alifurahi sana. Baruti ya namna hiyo ni rahisi kwa bei, na ikiwa nzuri ni nzuri kweli. Shida yake ni moja: lebo. Zilikuwa zimefifia, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu jina la baruti ya bunduki inayowaka polepole. Oom alichota kidogo juu ya kila pipa, akatazama, akaridhika na lile la tatu zaidi ya yote. Akaniambia nianze na hilo, nijaze risasi za binti yake Lizette, aliyekuwa na mashindano Jumamosi. Kisha akaenda mjini.

Lizette ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Nakutajia ili ujue risasi zile zilikuwa za nani.

Mchana ule ikaja mvua ya mawe, ile ya huku Johannesburg ya msimu wa joto, inayopiga mabati mpaka husikii hata mawazo yako. Umeme ukakatika. Nikasogeza meza karibu na dirisha, nikafungua pipa la tatu, nikasawazisha uso wa baruti kwa kijiko cha mbao, ukawa tambarare kama unga uliopitishiwa upawa, nikakilaza kijiko juu yake. Nilipoinua kichwa, palikuwa na mtu amesimama upande wa pili wa meza.

Mtu mzima, mwembamba, amevaa aproni ya ngozi iliyochakaa. Sikuogopa. Kwa nini niogope? Nilidhani ni rafiki wa Oom mwenye ufunguo, maana wapo. Akanisalimu kwa Kiswahili cha Lubumbashi, akaniita Mama, akauliza kama anaweza kutazama mali mpya. Nikamwambia karibu, Papa.

Sasa hapa natamani ungekuwepo. Nimewaona mafundi wengi, lakini sijaona mikono kama ile. Alifungua pipa la kwanza akainamisha uso, akavuta hewa kidogo tu, kama mama anayenusa kichwa cha mtoto. Akanigeuzia nami ninuse. Harufu ilikuwa safi na kali, kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Akatingisha kichwa kwa kuridhika. Akaenda la pili. Harufu yake ilikuwa chachu, na alipotikisa kidogo likatoa vumbi jekundu kama kutu. Akalifunika polepole, akaweka kiganja juu ya kifuniko kama anayemfariji mtu. Akasema hiyo imezeeka, imeanza kujila yenyewe, isikae ndani ya nyumba.

Nilimuuliza kama pua inatosha. Akatabasamu.

"Pua inakataza tu, Mama," akasema. "Pua haina ruhusa ya kukubali."

Akanieleza, na mpaka leo nakumbuka sauti yake ikipita chini ya kelele za mawe, kwamba baruti ya jeshi haina ukoo mmoja. Jina linaweza kuwa lile lile, na kila pipa likawa na mama yake. Ndiyo maana hata ile nzuri huianzi kwa kipimo cha kitabu. Unaianza chini, kwa baruti kidogo, unapanda taratibu, na ukiona dalili mbaya unarudi. Alisema haya bila kujivuna, kama mtu anayezungumzia watoto wake mmoja mmoja, yupi ana hasira, yupi mpole.

Kisha akafika la tatu. Alinusa, akanusa tena. Akakunja mikono ya shati, wa kushoto kwanza, akauzamisha mmoja ndani ya pipa mpaka kwenye kiwiko, akatoa ngumi na kuifungua juu ya karatasi nyeupe chini ya dirisha.

"Angalia vizuri. Iko ingine ndani yake."

Nikainama. Chembe za baruti ile zilikuwa vijiti vidogo vyeusi, lakini kati yake kulikuwa na vingine bapa, kama magamba ya samaki mdogo, vyeusi vile vile. Magamba kama hayo nilikuwa nayajua. Hiyo ni baruti ya bastola, inayowaka kwa haraka. Mtu alikuwa amemimina pipa moja juu ya lingine.

"Usitie mu bunduki," akasema. "Hii haichaguliwi. Hii inaachwa."

Niliguna nikasema kumbe, nikageuka kuchukua kioo cha kukuzia nihakikishe. Nilipogeuka tena, hakuwepo. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa kwa komeo, na komeo liko upande wetu wa ndani, ambako ufunguo haufiki. Hata hapo sikuogopa. Kilichonitoa jasho ni pipa. Niamini: uso wa baruti ulikuwa bado tambarare. Hapakuwa na shimo, hapakuwa na alama ya kidole. Mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko, na kijiko changu kilikuwa bado kimelala pale pale juu. Lakini zile chembe zilikuwa juu ya karatasi.

Oom aliporudi nilimwambia sitajaza. Alikasirika, na ana haki, kwa sababu alikuwa ameikagua mwenyewe na Jumamosi ilikuwa inakaribia. Alisema ameshika baruti kabla mimi sijazaliwa. Nikamwambia nakubali, lakini Oom ulichota juu. Chota chini. Akanung'unika, akachukua bomba la bati, akalisukuma mpaka kwenye kitako cha pipa, akamwaga alichopata juu ya karatasi nyingine. Magamba yalikuwa mengi kuliko vijiti. Akakaa kwenye kiti. Nilijua anamwona nani machoni mwake, amelala chali kwenye uwanja wa shabaha.

Kisha akauliza nani aliniambia nichote chini. Nikamweleza: mwembamba, aproni ya ngozi, Mkongo, anakunja mkono wa shati wa kushoto kwanza. Yule mzee akavua miwani. Akasema, kwa sauti ndogo sana, kwamba mtu huyo ni Kalala, aliyefanya kazi kwenye meza yangu kabla yangu, na kwamba yeye mwenyewe alibeba jeneza lake.

Sasa niambie, hapo ungefanya nini?

Mimi nilikwenda mtaa wa Joubert Park. Mjane wake, Mama Odette, ni msusi, ana kiti chake kwenye saluni chini ya magorofa. Ni mtu wa kanisa, nikahofu atanifukuza na habari zangu za majini. Alikuwa anamsuka mteja. Nikamsimulia nimesimama, na mikono yake haikuacha kusuka hata nilipotaja aproni. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Alikuwa anakohoa?"

Nikafikiri. Nikamwambia hapana, hakukohoa hata kidogo, na alivuta hewa ya mapipa yale yote matatu.

Hapo ndipo mikono iliposimama. Akaniambia kifua ndicho kilichomuua, na kwamba miezi ya mwisho hakuweza kunusa hata supu bila kukohoa damu. Akajifuta uso kwa kanga ya mteja. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akamwambia mteja wake, "Umesikia? Anapumua."

Mapipa mawili tuliyapeleka shambani kwa Oom, mbali na mji, tukaiteketeza baruti kidogo kidogo juu ya udongo mtupu. Lile la kwanza tulilitumia kwa kuanzia chini na kupanda taratibu, na baruti yake Lizette anaipenda mpaka leo. Papa Kalala sijamwona tena. Lakini kila nikifungua kopo jipya, Oom Dirk husogea akasimama kando yangu, na hatuongei mpaka nimenusa.

Basi nawe unayefanya kazi hii, au unayetaka kuianza, nakuonya. Baruti usiyojua ilikotoka usiipende kwa sababu ya lebo, wala kwa bei yake, wala kwa harufu nzuri. Iache. Na ikiwa mchana wa mvua mtu mwenye aproni ya ngozi atasimama mezani kwako akakwambia neno, usipoteze muda kumuuliza alipitia wapi. Chota chini kabisa, uangalie.