Mbegu za Bamia Nyweleni

Jumamosi, kwenye bustani ya watoto huku Farsta, Uswidi, mama mmoja Mkenya alimsuka bintiye mistari huku akificha mbegu za bamia ndani ya nywele. Akatueleza kuwa inasimuliwa mabibi zetu walifanya hivyo walipochukuliwa utumwani, ili popote watakapofikishwa wapate cha kupanda. Watoto walifurahi mno!

Jioni nikaketi nyuma ya mama huyo na bintiye kwenye treni.

"Njoo nikufumue, zitakuwasha," mama akasema, akitoa kitana.

Mtoto akashika kichwa kwa mikono miwili, akajibu kwa Kiswidi: "Ziache, mama. Wakija kutuchukua usiku, je?"

Kitana kikabaki hewani. Jamani! Sisi wakubwa tuliwasimulia yote, tukasahau kuwaambia kwamba yalikwisha.