Alama Kwenye Jibini

Mwaka wangu wa kwanza ugenini, katika mji wa Crystal, nilimhudumia nyumbani kwake mzee mmoja Mpolandi, aliyewahi kuchunga kondoo milimani kwao. Mchana mmoja tarishi alileta kifurushi kisicho na jina la mtumaji. Ndani mlikuwa na jibini ya maziwa ya kondoo, ngumu kwa nje, inayonukia moshi kama kibuyu cha maziwa cha bibi yangu.

Kwetu anayekupa chakula huonja kwanza, usije ukadhani kimetiwa kitu. Basi nikakata kipande, nikala mbele yake, kisha nikamsogezea sahani.

Mzee hakula. Alipapasa maua yaliyochorwa ubavuni mwa jibini, kidole kikasimama penye ua lililovunjika.

“Kila mchungaji huchonga kalibu yake ya mti ya kukandamizia jibini,” alisema. “Alama hii ni ya kalibu ya kaka yangu. Nilimzika nayo kifuani kabla sijahamia huku.”

Upuuzi, nilijisemea, uzee huo. Lakini jibini ilikuwa mbichi ndani, moshi wake wa juzi tu.

Akanirudishia sahani taratibu.

“Malizia,” akasema. “Umeshaanza wewe.”